Tulimzika Ogola Akiwa Njiani

Kama hujawahi kunisikia nikizungumza matangani, umekosa nusu ya maisha, na nusu iliyobaki sijui utaifanyia nini. Mimi Joram nilisoma hadi darasa la sita. La saba lilisikia nakuja likafunga mlango. Lakini chukua mtu wa chuo kikuu, mweke mbele ya jeneza na watu wa kwetu Kano waliokaa juani tangu asubuhi, uone kama atawatoa chozi. Mimi nawatoa, halafu nawachekesha kabla chozi halijakauka. Kutoka Ahero mpaka Mamboleo watu walikuwa wakisogeza mazishi mbele wakisikia nina homa.

Hotuba yangu nzuri kuliko zote niliitoa mwaka wa themanini na tatu, na niliitoa mbele ya tunda.

Usicheke kwanza. Ogola mwana wa Obiero alikuwa rika langu. Tulichunga pamoja, tukaogelea mto Nyando pamoja, ingawa ukweli ni kwamba yeye aliogelea na mimi nilikunywa maji. Tulipokua akaenda jeshini. Mimi pia ningekwenda, jeshi lingenifaa sana, ila siku ya kuandikisha nilikuwa na mambo mengine. Alipokuja likizo alikuwa akinyoosha shuka kitandani hadi mama yake anaogopa kulilalia. Alioa Metrine, msichana wa milimani, Maragoli kule, mwenye maneno machache na makali. Akamjengea nyumba ndani ya boma la baba yake, akarudi kazini, kaskazini, kwenye mchanga na majambazi wa mifugo.

Halafu siku moja askari mwenzake, Wakhisi, akiwa likizo, akamtafuta Enos pale Kondele. Enos ni baba mdogo wa Ogola. Obiero alipofariki, boma lilibaki mkononi mwake. Wakhisi akasema lori lao lilikuwa likivuka mto mkavu, mvua ikawa imenyesha huko mbali wasikoona, maji yakaja kama ukuta. Wengine walipatikana. Ogola hakupatikana.

Tulingoja. Hatukuwa na haraka ya kumzika mtu. Lakini kwetu mdogo hapandi kabla ya mkubwa. Ogola ndiye kifungua mimba wa boma lile, na mdogo wake Oduor asingeweza kutia jembe ardhini wala kujenga nyumba yake mpaka jambo la kaka yake liishe. Mvua ikaja, jirani wakapanda, shamba la Obiero likaota magugu. Mwaka wa njaa hauulizi kama maiti imepatikana. Mama yake Ogola akawa anakonda, anasema mwanawe anamjia ndotoni akiwa amelowa, anaomba mahali pa kulala.

Kwa hiyo wazee wakafanya kile kinachofanywa mtu akichukuliwa na maji au na vita, asionekane. Wakaenda kwenye mti wa mwegea, wakaangua yago, lile tunda refu zito linaloning'inia kama mkono wa mtu mzima. Wakalifunga kwa blanketi la Ogola la likizo, wakalilaza kwenye jeneza, wakalizika upande unaomstahili bomani. Ng'ombe wakatolewa, vijana wakashika mikuki, kifo kikafukuzwa mpaka ng'ambo ya mto.

Na mimi nikazungumza. Niliwaambia jinsi Ogola alivyozamia Nyando akaibuka na kambale kila mkono. Niliwaambia jinsi alivyomkamata jambazi kwa shingo na kumwomba radhi kabla ya kumfunga. Wanawake walilia wakashindwa kupika. Metrine peke yake hakulia. Aliniangalia kama mtu anayeangalia mvua inayonyesha kwa jirani. Na ulipofika wakati wa yeye kurithiwa kama mjane, alisema hapana, na aliposema hapana hata Enos alirudi nyuma hatua.

Oduor akapanda. Mahindi yakawa mazuri mwaka ule.

Mwaka uliofuata, siku ya soko, Ogola akashuka kwenye basi pale Ahero.

Alikuja kwa miguu kutoka stejini, amevaa suruali ya jeshi, mguu wa kulia umepinda, na begani amebeba kamba ndefu iliyoviringishwa. Muuza omena mmoja alimwona, akaacha karai lake wazi, kunguru wakafanya sherehe. Wafugaji walikuwa wamemwokota mbali sana chini ya mto, mguu umevunjika, mahali ambapo hata barabara haijui. Wakamtunza mpaka mguu ukaunga, vibaya lakini ukaunga. Alipofikishwa kambini hatimaye, jeshi likamwambia mguu ule hautembei tena gwaride, aende nyumbani na shukrani. Naye akaona asitume neno. Likizo zote alizowahi kuja alikuja bila kutangaza.

"Nilifikiri mtafurahi," aliniambia baadaye.

Nilikuwepo alipofika langoni. Mama yake alitoka nyumbani, akasimama katikati ya lango, mikono imeshika miti ya huku na huku.

"Mama, ni mimi."

"Naona ni wewe. Simama hapo hapo."

"Mguu unauma, mama."

"Simama nao."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, lakini mikono haikuachia ile miti. Enos akaitwa. Enos si mtu mbaya, naomba uelewe hivyo mapema; ni mtu aliyepewa boma la marehemu kaka yake na anaogopa kuliharibu.

"Ogola," alisema, "hakuna anayekukataa. Lakini wewe umeshatoka hapa. Tulikutoa na ng'ombe na mikuki. Ukipita langoni, kile tulichokifukuza kitapita nyuma yako, na sijui kitamshika nani."

"Baba mdogo, mliyemfukuza si mimi."

"Mimi najua. Chenyewe kinajua?"

Ogola akashusha ile kamba begani. Wazee walikaa kando ya zizi wakabishana hadi ng'ombe wakarudi malishoni. Wengine walitaka tunda lifukuliwe. Wengine wakasema ukifukua kaburi umeomba mtu wa kulijaza. Mwisho wakachinja kondoo, wakaamua Ogola ajenge nje ya ua, kama mgeni aliyeomba ardhi. Mama yake atamtembelea. Yeye hatapita lango la baba yake.

Metrine alikuwa amesikiliza yote akiwa amesimama. Akaingia nyumbani kwake, akatoka na chungu na mkeka.

"Metrine," Enos akasema, "mwanamke hatoki bomani namna hiyo."

"Mume wangu yuko nje. Mnataka nikae na tunda?"

Akapita.

Walijenga upande wa pili wa ua wa minyaa, nyumba ndogo ya udongo. Ukikaa mlangoni unaliona kaburi. Ogola alitengeneza upenyo mdogo kwenye ua, si wa kupita, wa kuingiza mkono tu, na kupitia hapo akawa anang'oa magugu juu ya kaburi.

"Omera, ndugu yangu," nilimwambia, "unapalilia kaburi lako mwenyewe. Watu wengine wavivu, wanaachia watoto."

Akacheka. Kisha akauliza jambo ambalo angeniuliza miaka yote iliyofuata.

"Joram, ulisema nini siku ile?"

"Subiri ufe tena, utasikia."

"Nauliza kweli."

"Nami najibu kweli. Hotuba ya mazishi haisomwi mbele ya mwenyewe. Nikikurudishia, nitakuwa nimekuita kule kaburini."

Hilo halikuwa mzaha. Hata mimi nina mahali ninaposimama.

Sasa, wewe unayesoma ukiwa mahali pakavu, huijui Kano. Mvua ikinyesha milimani, sisi hatuoni hata wingu, halafu usiku Nyando inapanda kitandani. Njia inapotea. Hujui penye barabara na penye mtaro wa skimu ya mchele, na mtaro unameza mtu mzima. Ogola, aliyechukuliwa na mto mara moja, alianza kuchomeka miti kuonyesha njia ilipo. Hakutumwa na mtu. Kisha akachonga mtumbwi. Kisha ile kamba ya jeshi ikapata kazi.

Alikuwa akifunga ncha moja kwenye mti, anatangulia na ncha nyingine, maji kifuani, mguu ule mbovu unatafuta ardhi. Wewe unashika kamba. Sheria yake ilikuwa moja: huachii mpaka akuite jina. Akifika pakavu anageuka, anaita mmoja mmoja, na wewe unajibu, "Nimefika." Usipojibu hasogei. Alivusha watoto wa shule, wagonjwa, wakaguzi wa mchele na viatu vyao vimefungwa shingoni. Alinivusha mimi. Nilijibu "nimefika" nikiwa bado katikati, akanirudisha mwanzo mbele ya watu wote.

Jina lake yeye hakuna aliyeliita. Kwetu jina la mtu aliyezikwa halipigiwi kelele ovyo, hasa kwenye maji. Wakamwita Jaliel, mtu wa kaburi. Walisema kwa upendo, nakuapia, lakini jaribu wewe kuitwa hivyo unapobeba mtoto wa mtu. Shukrani zao pia zilikuja kwa namna hiyo. Asubuhi ungekuta unga umeachwa kwenye ua, au kambale wawili wamefungwa kwa nyasi. Aliyeleta ameshaondoka. Hakuna aliyeketi kwake akanywa uji. Hakuna aliyesema, "Erokamano, Ogola," asante, Ogola, akimtazama.

Siku moja ya Jamhuri tulikwenda uwanjani Ahero. Chifu akaomba wote waliowahi kulitumikia taifa wasimame wapigiwe makofi. Wakasimama wazee wa vita vya Wazungu, polisi mstaafu, hata karani mmoja ambaye naamini alitumikia chai tu. Ogola alikuwa kando yangu, amekaa.

"Simama, bwana."

"Nikisimama, watu wa kijijini kwetu watakimbia."

Alisema akitabasamu. Lakini mikono yake ilikuwa imeshika magoti, kama mtu anayejizuia kwenye gari linaloruka.

Mwaka wa themanini na nane maji yalikuja vibaya. Seline, mke wa jirani, alishikwa na uchungu, na mkunga alikuwa Ahero. Ogola alimlaza kwenye mtumbwi, yeye mwenyewe akawa ndani ya maji anausukuma, anamsemesha njia nzima ili asilale. Mtoto alizaliwa pale pale kabla ya kufika pakavu, msichana. Seline akataka kumpa mtoto jina la Ogola, Agola, kwa kike chake.

Mama mkwe akapiga makofi. "Mtoto hupewa jina la aliyekufa, mwanangu. Huyu yuko hai, anakula."

"Mlimzika," Seline akasema. "Mimi nilipika kwenye matanga yake. Nilichambua kunde mpaka vidole vikauma. Au nilimpikia nani?"

Wazee wakakuna vichwa, wakakosa la kusema. Hivi ndivyo Ogola alivyokuwa mtu pekee ninayemjua aliyepewa mjukuu wa jina kama babu wa zamani, na bado anavuta tumbaku.

Jioni ile alinijia. "Joram, jina langu limeingia kwa watu kabla yangu."

"Na wewe utaingia."

"Mama amezeeka. Ningependa anione nikipita pale langoni. Mara moja tu. Nikatoke tena, hata sikai."

Nilimwambia Enos. Enos akaangalia lango, akasema, "Mvua hii ikiisha." Lakini kwetu mvua ina ndugu wengi. Mama yake akafariki mwaka wa tisini na mbili. Ogola alimzika mama yake akiwa amesimama upande wa nje wa minyaa, mkono umepita kwenye ule upenyo mdogo. Metrine aliingia akachukua udongo wa kaburi kiganjani, akamletea autupe. Akautupa kupitia ua. Mwingi ulinasa kwenye majani.

Siku hiyo nilizungumza pia. Sikumbuki nilisema nini.

Basi ikaja ile mvua ya tisini na saba, waliyoiita Elnino, kana kwamba ni jina la mtu unayeweza kumpeleka kwa chifu. Haikuacha. Maji yalikuwa mpaka kwenye madirisha ya shule. Ogola alikuwa na mvi sasa, na mguu ukimwuma hata pakavu, lakini alivusha watu tangu alfajiri, wakiwemo Seline na Agola. Akiwa amekaa kando ya barabara anakunywa chai aliyoletewa na Metrine, mtu akaja anasema Enos amebaki kwenye kibanda chake cha kuwingia ndege, katikati ya mpunga, maji yamemzunguka.

"Pumzika, waende vijana," Metrine akamwambia.

"Vijana hawajui mtaro uko wapi."

"Na Enos amekufanyia nini?"

"Baba mdogo hajui kuogelea," Ogola akasema, kama hilo lilikuwa jibu. Akampa kikombe.

Yaliyofuata alitusimulia Enos mwenyewe. Kibanda kilikuwa kimeanza kulala. Ogola alifika, akamtoa, akamfikisha kwenye mti mmoja uliosimama imara, akamfunga pale kwa kamba ya jeshi, kiunoni na kifuani. Mtumbwi ukawa unachukuliwa na maji. Ogola akasema ataufuata, bila mtumbwi hawatoki.

"Shika kamba, baba mdogo. Usiachie mpaka nikuite."

Akaenda. Enos aliona kichwa chake mara mbili, halafu hakukiona.

Wavuvi waliomfikia Enos saa za alasiri walisema alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili, na wao wakishafungua fundo bado hataki kuachia. Walimvuta, wakamsihi, wakamkemea.

"Hajaniita," alikuwa akisema. "Hajaniita."

Walitafuta chini mpaka Nyando inapoingia ziwani, ndani ya mafunjo, siku nyingi. Mtumbwi ulipatikana umepinduka. Ogola hakupatikana.

Maji yaliposhuka tukakutana pale pale kando ya zizi. Sasa jambo lenyewe lilikuwa hili: mtu amechukuliwa na maji, na dawa yake ni yago, na yago lake lilishazikwa. Mzee mmoja akasema tuangue lingine. Mwingine akauliza ni wapi umesikia mtu ana makaburi mawili. Mwingine akasema kaburi lipo, matanga yalilika, hakuna deni, twende nyumbani. Walizungumza vizuri wote. Mimi ndiye niliyekuwa kimya, na mtu akanigeukia kuona kama ninaumwa.

Metrine alikuwa nje ya ua, mahali pake. Akasema kupitia minyaa, bila kupaza sauti:

"Mlimzika akiwa hai. Sasa amekufa, hamna cha kuzika."

Enos akasimama. Alikuwa amezeeka ghafla wiki zile, nguo zinamning'inia. Akaingia nyumbani kwake akatoka na ile kamba. Akatoka nje ya lango, akapita mpaka kwa Metrine, akampa ncha.

"Mama," akamwambia, yeye ambaye ni mkubwa kwake, "tangulia."

Sijui nani aliita watu. Walikuja tu. Seline alishika, na Agola mbele yake. Wakashika wale waliokuwa watoto wa shule, sasa wana ndevu. Wakashika wale wa unga na kambale, walioacha vitu vyao na kuondoka. Nikawajua sasa, mmoja mmoja, kwa jinsi walivyoangalia chini. Mimi nilishika karibu na mwisho, na wa mwisho kabisa alikuwa Enos. Tukasimama kwa mstari kuanzia kwenye ile nyumba ndogo mpaka langoni, matope kwenye vifundo.

Metrine akafika langoni akasimama. "Joram. Wewe ndiye mwenye mdomo. Sema ile hotuba. Aliingoja sana."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nayo yote, kambale kila mkono, jambazi aliyeombwa radhi. Lakini ile nilikuwa nimempa tunda. Huyu nilimfahamu, na sikuwa na hata sentensi moja iliyomtosha. Nikafanya alichokuwa akifanya yeye. Nikaita.

"Ogola mwana wa Obiero."

Nikangoja, kama alivyokuwa akingoja. Watu wote wakangoja. Huachii mpaka mtu ajibu, hiyo ndiyo sheria, na kila mmoja pale alikuwa amewahi kuitii huku maji yakiwa kifuani. Jua likatoka kidogo, likatuchoma. Mtoto mmoja akataka kusogea, mama yake akamkaza mkono. Nikaita tena. Mara hii wengine wakaita pamoja nami, jina lake kamili, watu ambao hawakuwahi kulitamka mbele yake.

Hakujibu. Tukabaki tumeshika.

Mwishowe Metrine, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwambia mtu chai iko tayari, akasema, "Achieni. Amefika."

Akaivuta kamba yote ndani ya lango, akaiviringisha kama Ogola alivyopenda iviringishwe, akaiweka juu ya lile kaburi lililopaliliwa. Enos alimwambia nyumba yake ya zamani iko pale, arudi akae bomani. Metrine akamshukuru. Kisha akatoka kwa lango lile lile, akaenda nyumbani kwake upande wa pili wa minyaa, akaanza kuanika mchele uliokuwa umelowa.